Baraka ya Kumimina

Siku mliyoniaga, ninyi vijana wa kaunta mliniomba jambo moja tu: niwaandikie jagi letu la mvinyo na matunda linatengenezwaje, maana kila mmoja wenu anadai mwenzake analikosea. Nimekaa hapa nyumbani, juu ya Ngaramtoni, nimeanza kuandika mara nyingi na nimeacha mara nyingi. Kulitengeneza ninajua. Shida iko kwenye kulieleza, kwa sababu kusema kweli sijawahi kuelewa lile jagi ni kitu gani. Nimelimimina maisha yangu yote ya kazi na mpaka leo linanichanganya. Kwa hiyo nitaandika kama ninavyokumbuka, na matunda mtayakuta humo humo njiani.

Naanza na asubuhi niliyoondoka nyumbani. Sisi Waarusha, mtoto akitoka kwenda mbali au kuanza jambo jipya, anapita kwanza kwa baba yake. Anainamisha kichwa. Baba anapiga funda la pombe ya asali, au maziwa kama pombe haipo, analishika mdomoni, kisha anampulizia mwanawe kichwani na kifuani huku akimtamkia maneno mema. Walio karibu wanaitikia, "Naai," kama wengine wanavyosema amina. Mchungaji wetu wa kanisani analijua jambo hili, na siku zote amekuwa na busara ya kuangalia pembeni. Kaka yangu alipokwenda kujifunza udereva alipuliziwa mpaka kola ikalowa. Dada yangu alipoolewa alipuliziwa. Nikaona na mimi zamu yangu imefika.

Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya zizi, kibuyu mkononi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Ndiyo unakwenda?"

"Ndiyo, baba. Nimepata kazi hotelini."

"Kazi gani?"

"Kaunta."

"Kaunta ni mahali. Mimi nakuuliza kazi."

"Nitakuwa namimina, baba. Wageni wakikaa, mimi nawamiminia vinywaji."

Alikuwa ameshakiinua kibuyu. Akakishusha. Kwetu, anayemimina ni mdogo wa anayemiminiwa. Kijana humimina, mzee hunywa. Kijana akikua, anakaa chini na waliomfuata wanamimina. Ndivyo mtu anavyojua kwamba amekua, hakuna cheti kingine.

"Lomayani," akasema, "utamimina mpaka lini?"

"Mpaka nistaafu, baba."

"Sasa utakua lini?"

Nilikuwa nimeshainamisha kichwa, nikabaki hivyo hivyo nikiangalia vidole vyangu vya miguu. Baba akasimama, akakung'uta vumbi kwenye shuka lake.

"Nenda, mwanangu. Sikukatazi. Lakini baraka ya kumimina siijui."

Akaingia zizini. Nikateremka kwenda barabarani na shati kavu, na njia nzima nikawa najiuliza kama nimefukuzwa, nimeruhusiwa, au nimeambiwa nisubiri. Watu husema radhi ni bora kuliko mali. Mimi nilikuwa sina mali, na radhi sikujua kama ninayo.

Hotelini nilimkuta Mama Shirima, mama wa Rombo mwenye mabega mapana na miwani iliyofungwa kwa uzi. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa kaunta, na kila ninachokijua nimekitoa kwake. Siku ya kwanza sikugusa chupa hata moja. Nilikausha glasi. Alinionyesha kwamba glasi haikaushwi kwa kuzungusha kitambaa ndani kama mtu anayesafisha sikio, inashikwa kwa kitambaa na kuinuliwa kwenye mwanga. Ukiona alama ya kidole, hiyo ni yako, usimsingizie mgeni. Jioni vidole vyangu vilikuwa vimekunjamana kama vya mfua nguo, na Mama Shirima akasema naweza kurudi kesho.

Jagi nililiona baada ya glasi kunizoea. Alimimina chupa nzima ya mvinyo mwekundu juu ya bakuli la matunda yaliyokatwa. Nikashtuka, nikidhani amekosea chombo.

"Mama, huu mvinyo si umeshaiva?"

"Umeiva."

"Ulikuwa tunda, ukakaa, ukawa pombe?"

"Hivyo hivyo."

"Sasa mbona tunaurudisha kwenye matunda?"

Akanitazama juu ya miwani. "Lomayani, kata machungwa."

Hilo ndilo jibu nililopata, na sijapata jingine. Kwetu asali inakuwa pombe. Kwao Mama Shirima ndizi inakuwa mbege. Kitu kinakwenda mbele na hakirudi. Hotelini pombe iliyokwisha kumaliza safari yake inarudishwa nyumbani kwa matunda, inakaa nayo kwenye friji, na jioni wageni wanasema ni nzuri. Nimeionja. Ni nzuri kweli, na hapo ndipo ninapozidi kuchanganyikiwa.

Haya, shikeni kalamu. Machungwa ni ya Tanga, yaoshwe vizuri kwa sababu yanaingia na maganda yake, yakatwe duara nyembamba na mbegu zote zitolewe. Mbegu moja ikilala kwenye mvinyo mchana kutwa inaleta uchungu ambao sukari haiwezi kuufunika. Nanasi vipande vidogo. Tufaha la Lushoto, lile lenye ukali, maana lile tamu la kutoka nje halina msimamo. Limau moja. Pasheni mbili tatu, ute wake tu. Nyunyizeni brandi kidogo juu ya matunda na kuyaacha yapumzike kabla ya mvinyo kufika. Sukari msiitie ikiwa kavu. Ichemsheni kwa maji na kijiti cha mdalasini, ipoe, ndiyo iingie. Mvinyo uwe mkavu wa Dodoma, yaani usio na utamu, tena usiwe wa fahari sana. Ufunikwe, ukae kwenye friji tangu asubuhi hadi alasiri. Korogeni kwa mwiko, si kwa kijiko cha chuma. Ule wangu mrefu nilichongewa na fundi wa Ngarenaro ambaye kazi yake hasa ilikuwa miguu ya vitanda, na kweli ukiutazama vizuri utaona ni mguu wa kitanda. Soda tupu, ile isiyo na sukari, inatiwa mwisho kabisa, jagi likiwa njiani kwenda mezani. Barafu iwe kwenye glasi. Ikiingia kwenye jagi, mgeni wa mwisho atakunywa maji yenye kumbukumbu ya mvinyo.

Ndizi msitie. Niliwahi kujaribu, nikiona aibu kwamba tumezungukwa na migomba na hatuitumii. Mpaka mchana ndizi ilikuwa imegeuka rangi ya matope na inateleza. Mama Shirima aliitoa kipande kimoja kimoja, kwa huzuni, kama anayetoa ndugu yake baa. "Ndizi ina heshima yake," akasema. "Usiipeleke mahali haikualikwa."

Jambo jingine ambalo sikulielewa ni majira. Kwenye ubao wetu liliandikwa "Jagi la Kiangazi," na wageni wake wengi walifika Julai. Ninyi mnaijua Julai ya Arusha. Ukungu umeukalia Meru wiki nzima, mama wa mboga sokoni anavaa makoti mawili, na mimi ndani ya kizibao cha kazi nina sweta. Wageni wanakaa bustanini na kaptura, midomo imeanza kuwa ya bluu, wanaagiza jagi la kiangazi na barafu nyingi. Nikamwuliza mmoja kwa adabu kiangazi hicho kiko wapi. Akasema, "Nyumbani." Kumbe walikuwa wamesafiri nacho. Januari, jua linapopasua mawe, wanakuja wengine kuuliza kama tuna mvinyo wa moto wenye karafuu. Niliwachemshia. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Sasa niwaambie habari ya mwalimu wa mvinyo, kwa sababu najua Mama Shirima aliieneza na kila aliyeisikia aliongeza chumvi. Ilikuwa hivi. Wauza mvinyo walituletea mzee mmoja kutoka Dodoma atufundishe kuonja. Mzee hasa, nywele nyeupe, sauti ya taratibu, fimbo. Tulisimama mbele yake asubuhi, na mlinzi wetu, Mwarusha mwenzangu, naye alikuwapo kwa kuwa alipita kuomba chai. Mzee akainua glasi, akainusa, akapiga funda. Hakumeza. Akafumba macho, mashavu yakajaa, akaanza kuuzungusha mvinyo mdomoni.

Mimi nilijua moja tu. Mzee mwenye mvi akishika pombe mdomoni na kufumba macho, kijana anainamisha kichwa. Wala sikufikiri. Nilisogea hatua moja, nikainama mbele yake. Mlinzi akaweka kikombe chini, akainama pembeni yangu, na kwa sauti nzito akaitikia, "Naai."

Ndoo ya kutemea ilikuwa nyuma ya vichwa vyetu. Yule mzee akafumbua macho, akaona visogo viwili badala ya ndoo. Akaenda kushoto kidogo, akarudi kulia. Nikasikia akihema kwa pua. Halafu nikasikia koo likimeza, kwa shida, kama anayemeza dawa.

"Vijana," akasema, "mmeangusha kitu?"

Mama Shirima alikuwa ameshaingia stoo, na kutoka stoo tulisikia kreti za soda zikitikisika. Nikamweleza yule mzee mila yetu, naye akanieleza yao, kwamba mwonjaji hutema ili asilewe kabla ya kazi kwisha. Wote wawili tulibaki tumeduwaa. Nilicheka pamoja na wenzangu siku hiyo, ila nikiwa peke yangu iliniuma. Nilikuwa nimeikimbilia baraka ya mtu nisiyemjua, mbio kama ndama, na hapo ndipo nilipojua jinsi nilivyokuwa na njaa nayo.

Mambo ya vyeo nayaruka, hayana ladha. Nitawaambia siku ngumu kuliko zote.

Binti wa kaka yangu alihitimu chuo, na kaka akaamua kumfanyia sherehe hotelini kwetu, chakula cha mchana bustanini. Baba alikuja. Alikaa kichwa cha meza na koti lake la ibada, fimbo katikati ya magoti. Zamu ilikuwa yangu. Ningeweza kuomba mwingine, lakini sikutaka. Nilitengeneza jagi lile kwa uangalifu ambao sijawahi kumpa mgeni yeyote. Nilichagua machungwa kwa kuyapima mkononi. Nikalibeba kwa mikono miwili, na kwa desturi nikaanza na mkubwa.

Baba akaitazama glasi yake, akanitazama mimi. Kisha akaweka kiganja juu ya glasi.

Hakukunja uso. Kiganja tu, kimefunika. Nilisimama na jagi hewani. Sikujua kama ameona aibu juu yangu mbele za watu, au ameogopa mvinyo, au hakunitambua ndani ya kile kizibao. Mama Shirima akatokea nyuma yangu, akalichukua jagi mikononi mwangu kama anayepokea mtoto, akamimina kwa wengine. Baba aliletewa soda, ikafunguliwa na mhudumu mwingine, akanywa.

Nyuma ya jiko nililia. Mama Shirima alinikuta huko, akakaa juu ya kreti.

"Baba yako hakusema hataki," akaniambia.

"Amefunika, mama. Unataka aseme nini tena?"

"Mtu asiyetaka husogeza glasi. Yeye ameifunika. Mimi nimemimina miaka yote, sijaona mtu anafunika glasi kwa kiganja kizima namna ile."

"Maana yake nini?"

"Sijui, mwanangu. Ila si ile unayoidhani."

Hakuwahi kunipa jibu zaidi ya hilo. Alistaafu kabla yangu, akarudi Rombo kwenye migomba yake, akaniachia miwani ya akiba na kaunta yote. Siku ya kuondoka alisema, "Haya, sasa wewe ndiye mkubwa hapa." Nikapanda kwenda chumbani kwangu Levolosi nikilipima neno lile. Mkubwa wa kumimina. Kwa hesabu za baba hakuna kitu kama hicho, ni sawa na kusema mrefu wa ufupi. Niliwafundisha ninyi kazi, mkaniita mzee, mkanipa shikamoo kila asubuhi, na kila asubuhi nilikuwa naitikia marahaba huku sina hakika kama nimefika umri wa kuipokea.

Na sasa nimestaafu. Mlinipa zawadi ya lile jagi la kioo lenye mpini uliomeguka kidogo, nami nawashukuru, maana jipya nisingejua la kulifanyia. Nilipofika nalo nyumbani, baba alikuwa kwenye kigoda kile kile. Macho yamefifia sasa, mikono inatetemeka, lakini sauti haijapungua.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, baba."

"Hutamimina tena?"

"Hapana. Wamenipa jagi nije nalo."

Ng'ombe walikuwa wanarudi. "Basi litengeneze," akasema. "Jumamosi. Nitawaita wenzangu."

Mke wangu, mama Neema, alisema mzee amechoka na amesema tu. Mimi nilishuka mjini kutafuta machungwa. Jumamosi ukungu ulikuwa mpaka mlangoni, baridi ya kung'ata. Walikuja wazee wawili wa rika la baba, wakakaa pande zake wamejifunga mablanketi. Nilivaa shati jeupe la kazini, sijui kwa nini, mkono ulilichukua wenyewe. Nikaleta jagi na bakuli la barafu.

"Hiyo barafu ya nini?" baba akauliza. "Tumekosa baridi?"

Nikaiondoa. Nikamimina, nikianza na yeye, na macho yangu yalikuwa kwenye kiganja chake. Kiganja kilibaki juu ya goti. Glasi ikajaa. Akaishika kwa mikono yote miwili, akapiga funda, akalishika mdomoni, akafumba macho.

Nikainamisha kichwa. Mzee mzima mimi, nina wajukuu. Nikasubiri. Nikasikia koo likimeza. Sauti ile naijua, nilishaisikia siku ya mwalimu wa mvinyo, na mara hii sikuona kichekesho chochote.

Sikuweza kuinua kichwa. Nikabaki nikiangalia vidole vyangu vya miguu, kama siku ile ya zizini.

"Ina mdalasini," baba akasema. "Nzuri. Ongeza."

"Baba?"

"Hiyo ya kwanza nilikuwa naonja. Nitambarikije mtu kwa kitu nisichokijua? Ongeza, nimekwambia."

Nikaongeza, nusu ikamwagika mezani. Mimi, niliyewafokea ninyi kwa tone moja.

Baba aliishika glasi bila kuinywa. "Ile asubuhi sikukunyima," akasema. "Maneno ya kwenda udereva nilikuwa nayo. Maneno ya kuolewa nilikuwa nayo. Hakuna aliyewahi kutoka katika nyumba hii kwenda kumimina. Wa kuwauliza walikuwa wameshakufa. Nikatafuta, sikuyapata."

"Na kule hotelini, baba? Ulifunika glasi."

"Nifanyeje? Mwanangu ananimiminia na mimi sijambariki. Ningekunywa, ningekuwa mgeni wako. Nilitaka nibaki baba."

Kisha akapiga funda. Nikainama. Safari hii hakumeza. Akanipulizia kichwani, shingoni, kifuani, mvinyo na ute wa pasheni, tena na tena, na katikati akawa anatamka.

"Mikono iliyomimina, na yenyewe imiminiwe."

"Naai," wazee wakaitikia.

"Kiu uliyoituliza kwa watu, Mungu akutulizie."

"Naai."

"Uliniuliza mpaka lini, na mimi nikakuuliza lini." Hapo alichanganya kidogo, lakini nilimwelewa. "Ni leo. Kaa chini. Umekua."

"Naai."

Nikakaa. Baraka za kwenda kazini nimezipata nimesharudi, na mpaka sasa sijui mtu anazitumiaje. Mmoja wa wale wazee akanyoosha glasi yake iliyokwisha, na wote tukaliangalia jagi. Kwa desturi anayemimina ni aliye mdogo, na mdogo kuliko wote pale nilikuwa mimi. Nikaanza kuinuka. Baba akanigusa goti kwa fimbo.

"Nimesema kaa."

Basi tukakaa wazee wanne, jagi likiwa bado na mvinyo katikati yetu, na hakuna hata mmoja aliyejua sasa nani amimine. Ukungu ulikuwa unateremka, shati langu limelowa mpaka kiunoni na jekundu lote, nikasikia baridi imeingia mpaka mbavuni, na sikutaka kwenda kubadilisha.